Maisha ya Davey O'Brien, Mchezaji Mfupi wa Texas

Katika nchi ya Marekani kuna mchezo wa mpira ambao haufanani na huu wetu. Wenyewe huuita futiboli, lakini mgeni auonapo mara ya kwanza hudhani ni vita. Mpira wake si wa mviringo, bali umechongoka ncha zote mbili, na wachezaji huushika kwa mikono, hukimbia nao, huurusha, na kuangushana chini kwa nguvu. Aghalabu wachezaji wake ni watu warefu wenye vifua vipana. Walakini kila mwaka katika nchi hiyo hutolewa tuzo kubwa kwa kijana wa chuo kikuu aliyeuongoza mchezo huo vizuri kuliko wenziwe wote, na tuzo hiyo ina jina la mtu aliyekuwa na kimo cha futi 5 na inchi 7, na uzito wa ratili 150 hivi. Mtu huyo ni Davey O'Brien, na maisha yake ndiyo nitakayoyasimulia hapa.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi, ili msomaji asipotee njiani. Timu ni mbili, na kila moja ina watu 11 uwanjani. Kutoka mstari wa goli mmoja hata wa pili ni yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikiweza hupewa nafasi nne nyingine. Isipoweza mpira huwa wa adui. Wakiufikisha mpira mwisho wa uwanja hupata pointi 6, kisha hupewa mkwaju mmoja wa ziada wa pointi 1. Tena wanaweza kuupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili, na hapo hupata pointi 3. Katika timu hiyo yuko mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye ndiye aupokeaye mpira, akaamua kwa kufumba na kufumbua kama atampa mwenziwe akimbie nao, au ataurusha mbali kwa mwingine, au atakimbia nao mwenyewe. Kwotabeki ni kama nahodha katika jahazi: akikosea yeye, wote wamekosea.

Davey O'Brien alizaliwa tarehe 22 Juni, 1917, katika mji wa Dallas, jimbo la Texas. Jina lake kamili lilikuwa Robert David O'Brien. Alisoma katika Shule ya Sekondari ya Woodrow Wilson mjini humo humo, shule iliyopewa jina la Rais aliyekuwa akitawala Marekani mwaka aliozaliwa yeye. Katika shule hiyo alijulikana kuwa mchezaji hodari ijapokuwa mwili wake ulikuwa mdogo. Shule ile ina bahati ya ajabu, maana mwaka 1987 mwanafunzi wake mwingine wa zamani, Tim Brown, alipata tuzo ile ile kubwa ya Heisman aliyokuwa ameipata O'Brien. Hapakuwa na shule ya sekondari kabla yake iliyotoa washindi wawili wa tuzo hiyo.

Alipomaliza masomo ya sekondari, O'Brien aliingia katika Chuo Kikuu cha Texas Christian, kilichoko Fort Worth, mji wa jirani na Dallas. Huko alimkuta kijana mmoja aliyemtangulia, mrefu, mwembamba, mwenye mkono wa ajabu, jina lake Sammy Baugh. Sifa za Baugh zilikuwa zimeenea Texas nzima. Kwa hiyo katika mwaka 1936 O'Brien alikaa nyuma yake, akawa wa akiba. Yapo mambo mawili awezayo kuyafanya mtu anapowekwa akiba. Aweza kununa na kulalamika kwamba ameonewa, au aweza kutazama vizuri yule aliye mbele yake na kujifunza. O'Brien alitazama na kujifunza. Baugh alipomaliza chuo, mwaka 1937 nafasi ile ikawa yake.

Mwalimu wao wa mchezo alikuwa Dutch Meyer. Zama zile timu nyingi zilipenda kubeba mpira na kusukumana nao chini kwa chini, na kuurusha kulidhaniwa kuwa ni jambo la kubahatisha. Meyer hakukubaliana na mawazo hayo. Aliwafundisha vijana wake kurusha mipira mifupi ya haraka, mara nyingi, tena bila ya kuogopa. Mafundisho hayo yalimfaa sana mtu mfupi. Mtu mwenye ratili 150 hawezi kumsukuma mtu mwenye ratili 220, lakini anaweza kuutuma mpira mahali ambapo huyo mkubwa hayupo. Tena ikumbukwe kwamba siku zile mchezaji hakupumzishwa mpira ulipokwenda kwa adui. Wale wale 11 walioshambulia ndio waliobaki kulinda, basi O'Brien alikuwa akiwakamata na kuwaangusha watu waliomzidi kimo na uzito.

Mwaka 1937 timu yake haikung'ara. Ilishinda michezo minne, ikashindwa minne, ikatoka sare miwili. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Katika mwaka 1938 Texas Christian ilishinda michezo yake yote 10 ya kawaida. O'Brien peke yake alirusha mipira iliyosogeza timu yake yadi 1,457, na mara 19 mpira alioutupa ulidakwa na kuleta pointi 6. Vijana wengine wawili wa timu ile walisifiwa sana pia, nao ni Ki Aldrich, aliyesimama katikati ya mstari wa mbele, na I. B. Hale, aliyekuwa mkubwa wa mwili. Nawataja kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Kwotabeki mfupi asingeweza kuurusha mpira hata mmoja kama wenziwe wasingesimama mbele yake kuwazuia maadui. Mwisho wa msimu huo waandishi wa Shirika la Habari la Associated Press waliipiga kura timu ile kuwa ya kwanza katika nchi nzima.

Ukabaki mchezo mmoja, nao ni ule uitwao Sugar Bowl, uliochezwa New Orleans tarehe 2 Januari, 1939. Walipambana na Carnegie Tech, chuo cha mji wa Pittsburgh. Texas Christian walitangulia kupata pointi 6, lakini mkwaju wa ziada ulikosa. Carnegie Tech wakapata pointi 6 na wa ziada wao ukaingia, basi wakati wa mapumziko Texas Christian walikuwa nyuma, 7 kwa 6. Hapo ndipo O'Brien alipoonyesha utulivu wake. Baada ya mapumziko aliurusha mpira mrefu, mwenziwe akaudaka na kuufikisha mwisho wa uwanja. Baadaye O'Brien mwenyewe akaupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti. Mchezo ukaisha 15 kwa 7, na mwaka mzima ukawa umekwisha bila ya kushindwa hata mara moja katika michezo 11.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. O'Brien alituzwa kwao na kwingineko. Mwaka huo wa 1938 alipewa tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa tangu mwaka 1935 kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Yeye alikuwa wa nne kuipata, na wa kwanza kutoka Texas Christian. Alipewa pia tuzo ya Maxwell na tuzo ya Walter Camp. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyezipata zote tatu kwa mwaka mmoja. Alipokwenda New York kuipokea Heisman, alipitishwa katika barabara za mji ule mkubwa ndani ya gari la farasi la kizamani, kama yale yaliyotumiwa Texas hapo kale.

Lakini mwandishi wa maisha ya mtu hana budi kusema yote, si yale matamu tu. Katika miaka hiyo vyuo vikuu vya kundi la Kusini-Magharibi, ambamo Texas Christian ilikuwamo, havikuwa na wachezaji weusi katika timu zao za futiboli. Jambo hilo liliendelea mpaka miaka ya 1960. Hata ligi ya wachezaji wa kulipwa haikuwa na mchezaji mweusi tangu mwaka 1934 mpaka mwaka 1946. Basi tunaposema kwamba O'Brien alikuwa bora wa mwaka 1938, twasema kweli, ila tukumbuke kwamba wako waliozuiwa mlangoni hata kabla mchezo haujaanza. Hatia hiyo haikuwa ya kijana mmoja wa miaka 21, lakini ilikuwa ni hatia ya nchi na ya zama zile. Nitalirudia jambo hili mbele, maana tuzo yenye jina lake ina habari zake juu yake.

Baada ya chuo O'Brien alichaguliwa na timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles, akiwa mtu wa nne kuchaguliwa katika nchi nzima. Rafiki yake Ki Aldrich alikuwa wa kwanza. Mwaka wake wa kwanza, yaani 1939, mipira aliyoirusha ilifika jumla ya yadi 1,324. Hesabu hiyo iliipita ile ya yadi 1,127 iliyokuwa imewekwa mwaka 1937 na Sammy Baugh, yule yule aliyekaa nyuma yake chuoni. Ndivyo mwanafunzi alivyompita mwalimu wake.

Walakini hapa maisha yake yanaonyesha uso mwingine. Timu ya Eagles ilikuwa dhaifu mno. Mwaka 1939 ilishinda mchezo mmoja tu, ikashindwa 9, ikatoka sare mmoja. Mwaka 1940 ilishinda mmoja tena, ikashindwa 10. Hebu fikiri, msomaji: kijana aliyemaliza mwaka mzima bila ya kushindwa, mwenye tuzo tatu nyumbani, sasa kila Jumapili anatoka uwanjani ameshindwa. Wengi hapo huanza kuwalaumu wenzao, au hucheza kwa mkono mmoja wakingoja mshahara. O'Brien alizidi kucheza kwa nguvu zake zote.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa tarehe 1 Desemba, 1940, mjini Washington, dhidi ya timu ya Sammy Baugh. Siku hiyo O'Brien aliurusha mpira mara 60, na mara 33 ukadakwa na wenziwe. Hapakuwa na mtu katika ligi ile aliyewahi kurusha mara nyingi hivyo katika mchezo mmoja. Alirusha na kuangushwa, akainuka, akarusha tena. Hata hivyo Washington walishinda, 13 kwa 6. Basi mtu aliyeweka hesabu mpya siku hiyo aliondoka uwanjani akiwa ameshindwa, na hakurudi tena kucheza.

Hakuondoka kwa sababu ya kuumia, wala kwa sababu ya kufukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 23, na mkono wake ulikuwa bado mzima. Aliondoka ili aingie katika Idara ya Upelelezi ya Serikali ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi FBI. Watu wengi wakati ule walishangaa, na pengine hata sasa wapo wasomaji watakaoshangaa. Aachaje mtu kazi ya kushangiliwa na maelfu, akashika kazi ambayo akiifanya vizuri hapana amwonaye? Mimi nadhani jibu liko katika umri. Mchezaji hata awe hodari namna gani, miguu yake haimngoji. Siku moja huamka akakuta vijana wamempita. O'Brien hakungoja siku hiyo. Alitafuta kazi ya maisha ilhali bado yuko juu, naye hakupangusa machozi mlangoni.

Alifanya kazi hiyo muda wa miaka 10. Pamoja na upelelezi alipewa kazi ya kuwafundisha wenziwe shabaha ya bunduki huko Quantico, katika jimbo la Virginia. Tukitazama vizuri, kazi hiyo haikuwa mbali na ile ya kwanza, maana jicho lililojua kulenga mtu akimbiaye uwanjani ndilo jicho lililolenga shabaha. I. B. Hale, yule mwenziwe mkubwa wa chuoni, naye aliingia katika idara hiyo hiyo. Mwishoni O'Brien alirudishwa Dallas, kwao, na mwaka 1950 akajiuzulu.

Baada ya hapo alifanya kazi ya biashara ya ardhi, kisha akaingia katika kazi za mafuta huko Fort Worth. Mchezo hakuutupa kabisa, wala hakuufanya kuwa ndio uhai wake. Alikuwa tayari kusaidia mambo ya vijana mjini, na chuo chake hakukisahau. Mwaka 1955 jina lake liliandikwa katika Jumba la Mashujaa wa Futiboli ya Vyuo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema huyu alisifiwa tangu ujana wake na tembo lake halikupata kutiwa maji.

Mwaka 1971 madaktari walimwona kuwa ana ugonjwa wa saratani. Alipasuliwa, akaondolewa figo moja na sehemu ya pafu. Alipona kwa muda, akaishi miaka sita zaidi. Ugonjwa ukarudi mwaka 1977, na tarehe 18 Novemba ya mwaka huo Davey O'Brien alifariki dunia huko Fort Worth, akiwa na umri wa miaka 60.

Mwaka huo huo watu wa Fort Worth waliamua jina lake lisipotee, wakaanzisha tuzo ya kumkumbuka. Mwanzoni ilitolewa kwa mchezaji bora wa upande wa Kusini-Magharibi, wa nafasi yo yote. Na ni nani aliyeipata kwanza? Alikuwa Earl Campbell wa Chuo Kikuu cha Texas, mchezaji mweusi aliyezaliwa katika mji wa Tyler, jimbo lile lile la Texas. Miaka 39 kabla ya hapo, kijana kama Campbell asingeruhusiwa kuvaa nguo za timu yo yote ya kundi lile. Jambo hili ndilo nililosema nitalirudia. Tuzo iliyopewa jina la mtu wa zama za kubaguana ilianza kwa kumtuza mtu ambaye zama hizo zingemfungia mlango.

Tangu mwaka 1981 tuzo ilibadilishwa, ikawa ya kwotabeki bora wa vyuo vikuu vya nchi nzima. Wa kwanza kuipata kwa namna hiyo alikuwa Jim McMahon wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Waliofuata ni wengi, na baadhi yao walikuja kuwa mashuhuri sana: Steve Young mwaka 1983, Don McPherson mwaka 1987, Peyton Manning mwaka 1997, Joe Burrow mwaka 2019, Jayden Daniels mwaka 2023. Katika hao wote mimi nampenda Charlie Ward wa Florida State, aliyeipata mwaka 1993. Huyu naye hakuendelea na futiboli baada ya chuo, bali alikwenda kucheza mpira wa kikapu kwa kulipwa. Kama O'Brien, alitoka mahali aliposifiwa akaenda alikochagua mwenyewe.

Ziko tuzo nyingine za makwotabeki. Iko ya Sammy Baugh, iliyoanza mwaka 1959. Iko ya Johnny Unitas, iliyoanza mwaka 1987, ambayo ni ya wanaomaliza chuo. Tena iko ya Manning, iliyoanza mwaka 2004. Lakini ile ya O'Brien ina sharti lake. Wachaguzi hawatazami yadi na pointi peke yake. Hutazama pia masomo ya kijana, uongozi wake, na namna anavyowatendea wenziwe na wapinzani wake. Tena wenye tuzo hiyo huwasaidia kwa fedha za masomo wanafunzi wa sekondari wanaoshika vitabu na mchezo pamoja.

Sharti hilo si pambo. Kama tuzo ingetazama ushindi tu, basi mwenye jina lake asingestahili kwa miaka yake miwili ya Philadelphia, kwani katika michezo 22 timu yake ilishinda 2. Lakini ukiyatazama maisha yake yote utaona mtu yule yule mahali pote: wa akiba nyuma ya Baugh, mshindi ndani ya gari la farasi, mwenye kushindwa kule Washington, na mwalimu wa shabaha ambaye hapana aliyemshangilia. Hakubadilika kwa kushinda wala kwa kushindwa.

Katika kila shule wako wavulana na wasichana wanaoambiwa kuwa ni wafupi mno, au wembamba mno, wasijaribu. Pia wako wanaosifiwa sana kwa mchezo hata wakayasahau masomo. Maisha ya O'Brien yanawafaa wote wawili. Yule wa kwanza ajue kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Na yule wa pili ajue kwamba filimbi ya mwisho hulia mapema, na baada yake kuna miaka mingi ya kuishi. Davey O'Brien aliisikia filimbi yake akiwa na miaka 23, na siku hiyo alikuwa amekwisha kujua pa kwenda.

Mwanafunzi, Kidato cha IV